Chuma cha Mheshimiwa

Itangazwe kwa wakazi wote wa Mrawi Juu, wenye masikio na wasio nayo, pamoja na migomba yote inayosikiliza mambo ya watu: kuanzia leo, kwa idhini ya zahanati na baraka za ukoo, mbuzi dume wa nyumba ya Mama Aminieli, mwenye ndevu za heshima na pembe ya kushoto iliyopinda, ameteuliwa kuwa Mtoaji wa Chuma wa mjamzito wa nyumba hiyo, mpaka atakapojifungua na siku za uzazi wake zitakapotimia. Apewe majani laini. Asipigwe. Asitukanwe. Aitwe Mheshimiwa.

Tangazo hilo lilisomwa na Anansia, binti wa nyumba, akiwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa sauti aliyoiazima kwa mkuu wa shule yake ya bweni bila kumwomba. Aliposhuka ili alitundike kwenye banda, Mheshimiwa alinyoosha shingo akalila. Alilila lote, pamoja na gundi.

"Amekubali uteuzi," akasema Tusekile.

Tusekile alikuwa wifi yake, mke wa kaka Aminieli, mtoto wa watu wa Rungwe aliyeletwa huku mlimani kwa ndoa. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amelishika tumbo lake kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa tikiti lisilo lake. Aminieli mwenyewe alikuwa mbali, kwenye mitambo ya mvuke wa ardhini huko Bonde la Ufa, akirudi kwa nadra na zawadi za ajabu ajabu. Kwa hiyo likizo hiyo ndefu ilikuwa ya wanawake watatu na mbuzi mmoja.

"Wifi, wewe ni shetani mdogo," Tusekile akaongeza.

"Niliomba ukubwa. Nikaambiwa nafasi zimejaa."

Tusekile alicheka, halafu akanyamaza ghafla ili apate pumzi. Hilo ndilo lililokuwa tatizo. Kucheka kulimchosha. Kutoka jikoni mpaka chumbani alisimama njiani na kushika mlango, akijifanya anakagua bawaba. Nesi Ndealilia wa zahanati alikuwa amemvuta kope ya chini, akachungulia, akakuta weupe mahali panapotakiwa kuwa pekundu. Kipimo cha damu kikasoma saba tu. Vidonge vya madini ya chuma alipewa, akavitapika. Akapewa vya aina nyingine, akavitapika kwa adabu zaidi, lakini akavitapika.

"Mtoto anachota kisimani, na kisima kinakauka," Nesi aliwaeleza. "Siku ya kujifungua, kila mwanamke anamwaga damu. Mwenye nyingi anamwaga na nyingine inabaki."

Hakusema chochote kuhusu mwenye kidogo. Mama Aminieli, ambaye alikuwa akimenya ndizi, aliacha kumenya.

*

Hapa panahitaji maelezo kidogo, na Anansia alikuwa na maelezo ya kila kitu, mengine ya kweli.

Zamani za mababu, mzazi wa kule mlimani alinyweshwa mlaso: damu ya ng'ombe iliyochotwa shingoni kwa mshale mdogo, ikapikwa na maziwa na mafuta, na ng'ombe mwenyewe akarudi kula majani kama aliyetoka kunyolewa. Mababu hawakujua neno "madini", lakini walijua rangi ya midomo ya mwanamke. Kisha wakaja watu wenye maabara wakatengeneza Mrija. Huu haukuchota damu. Ulifungwa kwenye mguu wa mbele wa mbuzi kama bangili pana, ukanyonya chuma peke yake kupitia ngozi, punje kwa punje, ukakisafisha katika chupa ndogo mpaka kikawa maji ya rangi ya chai ya rangi. Jioni maji hayo yalitiwa kwenye kibandiko begani mwa mama, yakaingia bila kupita tumboni. Hakuna kutapika, hakuna choo kigumu.

Mwanzoni Mrija ulifungwa kwenye mikono ya watu. Ilionekana ni jambo la upendo. Mume atampa mkewe, ukoo utampa mzazi. Haukupita muda, ikagundulika kwamba karibu watoaji wote walikuwa wasichana wa kazi, wadogo wa mke, na mabinti wasio na wa kuwasemea, na wote walikuwa wamepauka kama chapati zisizoiva. Sheria ikapitishwa: mtu asitoe chuma, hata akipenda. Atoe mbuzi, tena mmoja aliyechunguzwa na zahanati kwa majuma matatu, avae hereni ya utambulisho sikioni.

Mrija ulikuwa na akili nyingi lakini haukuwa na macho. Uliiona hereni tu.

Na hereni ilikuwa inafunguka. Anansia aliligundua hilo siku ya tatu.

*

Siku ya nne alikuja Baba Mdogo Ndesario, msemaji wa ukoo, mtu ambaye hata chafya yake ilikuwa na utangulizi. Alikuja kumwona mjamzito. Alikaa, akasifu, akaonya, akanukuu. Alipoinuka kwenda kukagua banda, hakujua kwamba mfukoni mwa koti lake kulikuwa na hereni ya mbuzi.

"Karibu, beberu," Mrija ukasema kwa sauti yake ya upole. "Umechelewa. Tafadhali inua mguu wa mbele."

Baba Mdogo alitazama nyuma yake.

"Tulia, beberu. Hakuna maumivu."

Juu uani walisikia yote. Tusekile alicheka mpaka akalazimika kulala ubavu kwenye mkeka, huku Mama Aminieli akijiziba uso kwa kanga na kusema "Jamani, jamani," mabega yakitikisika. Baba Mdogo aliondoka bila kunywa chai. Ilikuwa kazi safi. Anansia aliirudia kichwani mara kadhaa, kama mtu anayehesabu mavuno.

Alipokwenda kumrudishia Mheshimiwa hereni yake, banda lilikuwa tupu.

Uzio wa pale ulikuwa wa sauti, usiosikika kwa watu. Ulimzuia mwenye hereni. Asiye na hereni haukumjua, na Mheshimiwa, alipoona hajulikani, aliondoka zake. Anansia alishuka mifereji, akapanda mifereji, akapiga miluzi, akamwita kwa cheo chake na baadaye kwa majina mengine. Jua lilipoanza kushuka, sauti ya Mama ikatoka jikoni.

"Anansia, mbuzi ameshatoa? Wifi yako anasubiri."

Mama alikuwa ameteguka kifundo cha mguu kwenye matuta ya kahawa, hakuweza kuteremka ule mteremko mkali wa bandani, na Tusekile alishakatazwa na Nesi. Anansia alikuwa na hereni kiganjani. Alikuwa na mkono. Alikuwa, kwa maoni yake, na damu ya kutosha kugawia kata nzima.

Leo tu, akawaza. Kesho atarudi mwenyewe, njaa itamrudisha.

Akaifunga bangili.

"Karibu, beberu," ukasema Mrija.

*

Jumamosi walialikwa harusi kijiji cha pili. Tusekile alibaki nyumbani na jirani. Wakati wa ndafu ulipofika, matarumbeta yakalia, na wapishi wenye kofia nyeupe wakamleta mbuzi mzima aliyechomwa, amesimamishwa juu ya meza ya magurudumu, mdomoni ana fungu la majani mabichi, anang'aa kama waziri.

Pembe ya kushoto ilikuwa imepinda.

"Huyu walimpata mnadani," jirani wa mezani alimwambia Mama. "Hana hereni, hana mwenyewe. Bei ya bure."

"Nyama laini," akasema Mama Aminieli, akatoa mfupa mdomoni na kuutazama kwa heshima. "Huyu alilelewa vizuri. Anansia, mbona huli?"

Anansia alikula. Kutokula kungeonekana. Baadaye alikumbuka kwamba nyama ilikuwa tamu kweli, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Njiani, akitembea taratibu kwa ajili ya mguu wa Mama, aliupanga ukweli mdomoni mara mbili, na mara mbili akaumeza. Mbuzi mwingine angehitaji majuma matatu ya uchunguzi. Tumbo la Tusekile lilikuwa limeshashuka. Siku iliyotangulia kipimo kilikuwa kimesoma nane na nusu, na Tusekile alikuwa amepanda ngazi za nyumba bila kukagua bawaba. Kusema maana yake ni kukiacha kisima nusu. Kutosema maana yake ni yeye kuendelea kuwa mbuzi.

Aliijua sheria na aliijua sababu yake. Walikuwa wameisoma darasani, yeye ndiye aliyeigiza msichana aliyepauka, akaanguka vizuri mpaka mwalimu akaita msaada. Lakini wale walilazimishwa, akajiambia. Mimi nani amenilazimisha? Hoja hiyo ilimpendeza. Ilikuwa na tundu mahali fulani, na aliamua kutolitafuta.

*

Majuma yaliyofuata, nyumba nzima ilimpenda Mheshimiwa. Mama Aminieli alimtumia maganda ya ndizi zilizoiva. Tusekile alimfumia skafu. Aminieli alipiga simu, uso wake ukaelea juu ya meza ya chakula, akaomba aonyeshwe mbuzi, na Anansia akaeleza kwamba Mheshimiwa hapendi kupigwa picha akiwa kazini.

Kila jioni Mama alisimama kwenye mlango wa jikoni na kuita kuelekea bondeni: "Mheshimiwa, asante, baba."

Na kutoka bandani, nyuma ya ukuta wa mbao, ukatoka mlio mzito, wenye kitetemeshi mwishoni. Bwenini Anansia aliwahi kuutumia kuahirisha kipindi cha maombi. Sasa alikuwa akiutoa ameketi chini, amefumba macho, kwa sababu akisimama ghafla dunia ilizunguka.

Tusekile alianza kuwa na rangi. Kipimo kikasoma tisa, kikasoma kumi. Midomo yake ikarudi, na ulimi wake ukarudi pamoja nayo.

"Wifi, mbona unatembea kama bibi harusi aliyefiwa?"

"Natunza nguvu za taifa."

"Na hicho kijiko cha nyama umeniwekea mimi tena. Wewe unakula nini?"

"Shuleni tunazoea maharage, wifi. Nyama inanipa ndoto."

Kulikuwa na jambo jingine, dogo, ambalo hakuna aliyeliona. Tangu mimba ianze, Tusekile alikuwa anakula udongo, ule wa vipande vya kijivu unaouzwa sokoni. Mama alikataza kabisa, kwa sababu Nesi alisema hamu hiyo huletwa na upungufu wa damu, na udongo wenyewe hukikamata chuma tumboni na kupita nacho. Anansia ndiye aliyekuwa anauleta kwa siri, umefungwa kwenye soksi. Sasa Tusekile aliacha. Siku moja aliushika mfuko, akaunusa, akaushangaa kama mtu anayekutana na mchumba wa zamani. "Hata sijui nilikuwa napenda nini," alisema, akautupa kwenye droo.

Hamu ile haikufa. Ilihama chumba.

Ilimjia Anansia mvua ilipoanza kunyesha. Harufu ya vumbi lililoloa ilimfikia akiwa anafua, mate yakamjaa mdomoni, akajikuta amesimama ukutani mwa jiko la zamani, lile la udongo, ameweka ulimi. Alijitazama kwa mshangao. Halafu akaweka tena.

*

Tusekile alijifungua asubuhi ya Jumanne, zahanati, mtoto wa kike mwenye hasira. Damu ikamwagika nyingi. Nesi Ndealilia na mwenzake walikuwa wakikanda tumbo na kuchoma sindano, na Mama Aminieli nje ya mlango ameshika mkono wa Anansia kwa nguvu mpaka pete ikaacha alama. Kisha mlango ukafunguliwa. Nesi alikuwa amelowa jasho.

"Imesimama," akasema. "Angekuja na ile saba yake, sasa hivi ningekuwa naongea nanyi maneno mengine. Huyo mbuzi wenu mjengeeni sanamu."

Mama aliketi chini kwenye sakafu akalia. Anansia naye aliketi, kwa sababu miguu ilikuwa imekataa, na watu wakadhani ni furaha. Ilikuwa furaha pia.

Tusekile alirudishwa nyumbani siku ya tatu, amepauka tena kuliko alivyokuwa mwanzo, akaingizwa kwenye chumba cha uzazi kwa miezi mitatu ya kulishwa, kama desturi ilivyo: mtori wa ndizi na nyama asubuhi, supu mchana, mlaso jioni, na Mama Aminieli akisimamia kila kijiko. Nesi alisema atapita alasiri ili aongeze kipimo cha Mrija. Mbuzi sasa angetoa mara mbili.

Mara mbili. Anansia aliyasikia maneno hayo akiwa amebeba beseni la nguo za mtoto. Aliliweka beseni chini vizuri, akaingia chumbani wifi akiwa amelala, akafungua droo, akachukua kipande, akakaa nyuma ya pazia. Alikuwa ametafuna nusu yake pazia liliposogea.

Tusekile alikuwa amesimama, mkono mmoja ukutani, mtoto amelala kitandani nyuma yake. Alitazama vumbi la kijivu kwenye midomo ya Anansia. Hakushangaa upesi. Alikuwa akikumbuka.

"Ulianza lini?"

"Nini, wifi?"

"Usinichezee. Mimi nimekula huo mpaka nikaujua wa soko gani. Kwanza ni harufu. Halafu unasema kipande kimoja tu." Akamshika kidevu. Kwa kidole gumba akavuta chini kope ya jicho lake, kama alivyofanyiwa yeye, akachungulia.

"Lia kama mbuzi," akasema.

"Wifi."

"Lia."

Anansia alilia kama mbuzi. Ulitoka mlio dhaifu, lakini kitetemeshi cha mwishoni kilikuwepo.

Tusekile aliketi kitandani. Kwa muda alimtazama mtoto, na mtoto alikuwa na mashavu mekundu kama nyanya.

"Kwa hiyo nimekula mtoto wa mama mkwe wangu," akasema polepole, "ili nimzalie mjukuu."

"Hukujua."

"Ndiyo. Sikujua. Hukunipa hata nafasi ya kujua." Machozi yalikuwa yanamshuka, na hakuyafuta. "Wewe umejipa uungwana wote, mimi umenipa nini? Nitamtazamaje mama yako akinipa bakuli?"

Hilo ndilo lilikuwa tundu la ile hoja. Anansia aliliona sasa, pana, lenye mtu ndani yake.

Alijaribu silaha yake ya mwisho. Dirishani palikuwa na mmea wa sale. Alichuma jani, akalifunga fundo, akapiga magoti na kulitoa kwa mikono miwili. Kule mlimani, anayeletewa sale hawezi kukataa kusamehe, hata kama aliuliwa ndugu.

"Mimi Mnyakyusa," akasema Tusekile. "Kwangu hilo ni jani." Lakini alilichukua. "Nyanyuka. Nesi amefika, nasikia sauti. Utasema mwenyewe. Mimi nitasimama nyuma yako ili usikimbie, na ili usianguke."

*

Sebuleni Nesi Ndealilia alikuwa ananawa mikono, na Mama Aminieli anamwekea maziwa.

"Nileteeni mbuzi nimwone," akasema Nesi. "Siongezi dozi bila kumtazama mtoaji machoni."

"Amefika," akasema Tusekile. Kiganja chake kimoja kilikuwa mgongoni mwa Anansia, mkono wa pili umempakata mtoto.

Anansia alikuwa na namna nyingi za kusimama mbele ya wakubwa. Alikuwa na ile ya kuinamisha kichwa, ile ya kushangaa, na ile ya chozi moja la jicho la kushoto. Alizitafuta zote, hakuna iliyokuja.

"Mama," akasema, "mbuzi ni mimi."

Akaeleza. Alieleza hereni na koti la Baba Mdogo, na hapo hakuna aliyecheka. Akaeleza uzio, na mkono wake, na leo tu iliyokuwa kila leo. Alipofika kwenye harusi, Mama Aminieli alijishika mdomo, kama anayejaribu kukumbuka alichukua vipande vingapi.

Nesi alikuwa ameshamshika kidole, ameshakichoma. Kipimo kikasoma saba na nusu.

"Una miaka kumi na sita," akasema Nesi kwa sauti ya chini sana. "Juma moja tena la kutoa mara mbili, ningekuja kukuzoa bandani."

Mama aliinuka. Alichechemea mpaka jikoni, wakasikia mfuniko, wakasikia upawa. Akarudi na bakuli la mlaso, linafuka moshi, akaliweka mikononi mwa binti yake.

"Hili la wifi, Mama."

"Kunywa. Leo nina wazazi wawili." Kisha akamshika kichwa, akakibana kifuani kwake kwa nguvu mpaka nusura amwage, na sauti yake ikatoka juu ya nywele: "Mjinga wewe. Mjinga wangu mimi."

Nesi aliufungua Mrija, akautia kwenye mkoba. Kesho gari lingekuja, akasema, na wote wawili wangepelekwa hospitali kubwa kutundikiwa chuma mshipani, vitanda jirani, na mtoto katikati. Mbuzi mwingine angeanza kuchunguzwa leo hii. Kisha akamgeukia Anansia.

"Sema hutarudia."

Lilikuwa jambo rahisi. Anansia alikuwa amelisema kwa mkuu wa shule mara nyingi kiasi kwamba angeweza kulisema usingizini. Alifungua mdomo. Nyuma yake mtoto aliamka, akaanza kunyonya kwa kelele, kama mtu anayedai haki yake.

"Siwezi, Nesi," akasema. "Nitakuwa nadanganya, na nimechoka kudanganya."

Nesi na Mama walitazamana.

"Basi niahidi mimi kitu kimoja," akasema Tusekile. "Siku nyingine utaniuliza kwanza."

"Utakataa."

"Nitakataa."

Anansia alilitazama bakuli. Akanywa funda, likamshuka likiwa la moto.

"Nilijua," akasema. "Ndiyo maana sikukuuliza, wifi."